Bongo Ina Miguu, Haina Kumbukumbu: Magwiji wa Baiskeli Wasubiri Kufa Ndo Waheshimiwe?

Ile picha kila mwenye Insta ashaiona. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, Maili Moja, Kibaha. Kutoka upande wa Dar wanaingia washkaji wenye helmeti za rangi, miwani mikubwa, nguo za kubana na baiskeli ya kaboni unayoinyanyua kwa mkono mmoja. Kutoka upande wa Mlandizi anakuja jamaa na Phoenix lake, magunia ya mkaa nyuma, shati limelowa mgongo mzima. Staa mmoja wa muziki, jina kapuni, anasimama, anamwekea jamaa mkono begani, anapiga selfi. Dakika kumi baadaye posti iko hewani: "Rispekti kwa wapambanaji." Laiki zinamiminika, vikatuni vya moto vinajaa, wadau wanasema wametoa machozi.

Jina la staa liko kapuni kwa sababu ana mwanasheria. Jina la jamaa wa mkaa haliko kapuni wala mezani. Hakuna aliyemuuliza.

Ugonjwa wote wa baiskeli Bongo umo kwenye posti ile. Kila baada ya muda linaibuka vuguvugu mitandaoni, "tuwaenzi magwiji wa baiskeli wa taifa hili", na kila mtu anaunga mkono kwa sababu kuunga mkono ni bure. Sasa mwambie huyo anayepiga kelele akutajie magwiji watatu. Mtu huyohuyo anakutajia kikosi kizima cha Simba kilichoing'oa Zamalek mwaka 2003, pamoja na waliokaa benchi. Anamjua Biniam Girmay wa Eritrea. Lakini mtajie Richard Laizer, mwendesha baiskeli wa Arusha aliyetamba kwenye mbio za Mwanza, anakuangalia kama umemtajia fundi bomba.

Kosa siyo lake peke yake. Nenda kwenye picha za zamani za mbio za baiskeli, zile za Kanda ya Ziwa ambako baiskeli ni dini, mbio za Mwanza zilizokuwa zikidhaminiwa na Vodacom, wanaume, wanawake na walemavu kila kundi na mbio zake. Soma maelezo ya chini ya picha. Utakuta hivi: "Mgeni rasmi, Mheshimiwa Fulani bin Fulani, akimkabidhi zawadi mshindi wa mbio za wanaume (kulia). Anayeshuhudia ni meneja wa kanda." Mheshimiwa kaandikwa jina lote na cheo chake na cheo alichowahi kuwa nacho. Meneja kaandikwa. Mshindi kaandikwa "kulia". Mtu kapiga kilomita zaidi ya mia moja kwenye jua la Usukumani, jina lake limekuwa Kulia.

Halafu miaka ishirini baadaye kamati inakaa hotelini, inakula kuku, inajiuliza ni nani wa kuenziwa.

Wenzetu wanafanyaje? Kuna mlima Ufaransa unaitwa Alpe d'Huez. Barabara yake ina kona 21, na kila kona imewekwa kibao chenye jina la mtu aliyewahi kushinda hatua ya Tour de France iliyoishia juu kule. Mtoto wa miaka kumi anayepanda na baiskeli yake ya kununuliwa Krismasi anasoma majina hayo moja moja huku anahema. Hajaenda makumbusho, hajakaribishwa kwenye chakula cha jioni, na historia keshaipata yote akifika juu. Italia nao, sehemu ya juu kabisa ya kila Giro wameipa jina la Fausto Coppi, na anayeipita wa kwanza anapewa zawadi. Coppi alifariki mwaka 1960. Kila mwaka mtu mpya anakimbizana na jina lake mlimani.

Ndiyo heshima ya baiskeli hiyo. Inakaa barabarani. Inakaa kwenye karatasi ya matokeo, kwenye jezi ya njano ambayo Wafaransa wameivalisha vinara wao tangu 1919 na mpaka leo haijabadilishwa rangi kwa sababu mdhamini anapenda nyekundu. Tuzo ya ukumbini inaliwa na vumbi kwenye kabati la sebuleni, na mara nyingi anayeifuta vumbi ni mjane.

Mwenye kusema "ah, hao Wazungu wana hela" atulie kwanza, maana Eritrea na Rwanda hawana mafuta wala hela ya kuchezea. Tarehe 1 Julai 2024, mjini Turin, Girmay alishinda hatua ya tatu ya Tour de France, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo tangu mashindano yaanze 1903. Akaongeza mbili. Akarudi na jezi ya kijani ya bingwa wa pointi, na Asmara ikamwagika barabarani kumpokea. Lakini Asmara haikuanza kumwagika siku ile. Watu wa kule wanasimama pembeni ya barabara kuangalia mbio za mtaa, mbio za vijana ambao bado hawajaota ndevu, na wanawajua kwa majina. Mwaka 2015, Daniel Teklehaimanot alipovaa ile jezi ya madoadoa mekundu ya mfalme wa milima Ufaransa, Girmay alikuwa dogo wa miaka kumi na tano nyumbani, anaangalia. Dogo alikuwa na jina la kumtazama.

Rwanda ndo inauma zaidi, kwa sababu ni majirani, na Mrwanda hana miguu mitatu. Miaka ya 2000 walianza kukusanya vijana, baadhi yao wabeba abiria na mizigo kwa baiskeli, wakawapima, wakawalisha, wakawafundisha. Adrien Niyonshuti akabeba bendera ya nchi yake London 2012. Valens Ndayisenga akashinda Tour du Rwanda mwaka 2014, akarudia 2016. Jeanne d'Arc Girubuntu akaenda Richmond, Marekani, mwaka 2015, mwanamke Mwafrika mweusi wa kwanza kukimbia mashindano ya dunia ya barabarani. Septemba 2025 dunia nzima ya baiskeli ikahamia Kigali kwa wiki nzima, mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika Afrika. Tadej Pogačar mwenyewe, bingwa wa mabingwa, alikuwa anakula vilima vya Kigali huku watoto wamepanda juu ya miti na kuta.

Mastaa wa Bongo nao waliposti Kigali. Wengine walienda kabisa. Kuna mtangazaji mmoja, jina kapuni, aliandika kwamba anajivunia kuwa Mwafrika. Safi. Tatizo ni kwamba fahari ya bara zima ni rahisi kuliko fahari ya mtaa. Ya bara haikudai uchangie tairi.

Sasa turudi Pwani. Kisarawe iko juu ya vilima vya Pugu, na kila alfajiri, kabla daladala hazijajaa, wanateremka watu wenye mkaa, kuni, mihogo na machungwa. Baiskeli yenyewe siyo ile iliyotoka dukani. Uma wa mbele umeungwa nondo. Keria imechomelewa upya na fundi wa kijijini, pana kama meza. Mzigo umefungwa kwa mipira ya tyubu iliyochanwa, imevutwa mpaka inalia. Breki za kiwandani zilishakufa siku nyingi, kwa hiyo jamaa anaposhuka mteremko wa Minaki anasimamisha uzito huo wote kwa kandambili iliyobanwa kwenye tairi. Akifika bondeni kandambili inafuka moshi. Anauza, anakunywa chai na chapati mbili, anageuza, na mlima uleule anaupanda juani.

Mtu atasema, huyo siyo mwanamichezo, huyo ni mchuuzi. Hoja ina ukweli nusu. Kubeba mkaa hakumfanyi mtu bingwa, na wanaoandika kwamba "vijana wetu wa mkaa wangempiga Pogačar" wanatafuta kiki tu. Mbio za baiskeli ni mchezo wa akili. Lazima ujue kujificha upepo nyuma ya mwenzako, ujue wa kumwachia aondoke na wa kumfuata, ule kabla njaa haijaja, ugeuze kona na watu sitini wamekubana mabega. Vitu hivyo havifundishwi na gunia. Vinafundishwa na mbio, nyingi, ndogondogo, za kila mwezi, ambazo ukishindwa leo unarudi wiki nne zijazo. Lakini Rwanda walishaonyesha kwamba miguu ya kuanzia nayo wanatafutwa watu wenye nayo, na ukitaka kuitafuta Pwani, hautaitafutia kwenye jimu ya Masaki. (Masaki ya Dar, maana Kisarawe nayo ina Masaki yake, na hiyo ndiyo yenye watu wenye miguu.)

Na kabla ya kumpamba sana jamaa wa mkaa, kuna ukweli mwingine mchungu. Mkaa ule unatoka kwenye miti, na msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, moja ya misitu mikongwe ya pwani hii, umekatwa sana kulisha majiko ya Dar. Kwa hiyo kumpiga picha na kumwandikia rispekti ni kumwambia aendelee hivyohivyo, abaki pambo la asubuhi za Jumamosi, mpaka msitu uishe au goti liishe, kitakachotangulia. Anayemheshimu kweli anampa kitu kingine cha kufanya na miguu ile. Zawadi ya mbio ya mwezi, keshi, mkononi, siku hiyohiyo.

Keshi, kwa sababu mchezo huu una historia mbaya na ahadi. Vijana wanaokimbia wanazijua hundi zile za bango, kubwa kama mlango, zinazopendeza kwenye picha halafu benki hazijulikani. Kuna mfanyabiashara mmoja, jina kapuni, anatokea kwenye kila bonanza la mkoa, anapuliza filimbi, anaahidi baiskeli kumi, anaondoka kabla washindi hawajarudi. Ana kofia ya kila mwaka. Na siku gwiji mmoja akifa utamwona mstari wa mbele, picha ya marehemu imegeuzwa nyeusi na nyeupe, "umetuachia pengo lisilozibika". Pengo lenyewe hajui lilikuwa na ukubwa gani. Hakuwahi kujua marehemu alimaliza wa ngapi.

Wakenya nao wana kidonda chao, na kinafundisha. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafundishwa baiskeli na David Kinjah pale Kikuyu, akaikimbilia Kenya Michezo ya Jumuiya ya Madola Melbourne 2006. Mwaka huohuo akataka kwenda mashindano ya dunia ya vijana Austria, na amesimulia mwenyewe kwamba ilibidi ajisajili kisirisiri kwa kutumia barua pepe ya chama cha baiskeli. Fikiria mtu huyo. Baadaye akahamia leseni ya Uingereza, akashinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, na kila ushindi ukipigiwa wimbo wa Uingereza. Kinjah amebaki na watoto wa kijijini na spana zake, anafundisha wengine. Ukitaka kumuenzi gwiji wa baiskeli Afrika Mashariki akiwa hai, huyo hapo, na hajifichi.

Kibaha yenyewe ina somo, tena lina jengo. Pale Mkuza kuna shule yenye jina la Filbert Bayi, yule Mtanzania aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akavunja na ya maili mwaka uliofuata, akaleta medali ya fedha kutoka Moscow 1980. Wanafunzi wa Kibaha wanalijua jina hilo, wanalivaa kwenye shati. Na liko pale kwa sababu mwenye jina alijenga shule. Mwanariadha aliyeifanya dunia ijifunze kutamka Tanzania alijitafutia ukuta wa kuandikwa. Mwendesha baiskeli aliyestaafu na goti bovu na Phoenix moja, yeye atajenga nini?

Sasa, wakubwa watasema mchezo huu gharama. Barabara haziwezi kufungwa, polisi hawatoshi, lami inahitajika. Ebu waangalie ramani. Kutoka Mlandizi, upande wa Kibaha, kuna barabara inayokwenda Mzenga mpaka Maneromango, upande wa Kisarawe. Wenyeji wamedai lami yake miaka na miaka, na wana haki ya kuidai. Ila wakati wanasubiri, dunia ya baiskeli imegeuka. Mbio za changarawe na vumbi ndo zinavuma sasa. Kenya wameshaweka za kwao Maasai Mara tangu 2021, Wazungu wanalipa nauli kuja kula vumbi la Mmasai, na timu ya Amani ya Afrika Mashariki imezaliwa humo. Nahodha wake, Suleiman Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa mbioni Vermont, Marekani, na wenzake wamelibeba jina lake kila wanapokwenda. Vumbi hilohilo Pwani inalo kwa wingi, na linalaaniwa tu kwenye vikao.

Mbio ya Mlandizi hadi Maneromango na kurudi Kisarawe mjini haihitaji kufunga Barabara ya Morogoro. Ile ya njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha iachwe na malori yake, maana hata zingekuwa kumi na sita mwenye baiskeli bado angeonekana kaingilia. Kinachotakiwa ni pikipiki mbili za kuongoza, gari moja la wagonjwa, maji kila vijiji kadhaa, mtu mwenye saa na mtu mwenye daftari. Wanawake wawe na mbio yao kamili na zawadi sawa, wasiwekwe kwenye ratiba kama burudani kabla ya mechi. Wapo wasichana Mlandizi wanaopiga baiskeli kwenda shule kila siku ya Mungu na hakuna aliyewahi kuwapima muda. Na Phoenix ziruhusiwe, kundi lao peke yao, kama watu wa Kanda ya Ziwa walivyozoea kushindana na baiskeli wanazolimia.

Mwenye daftari ndiye muhimu kuliko mgeni rasmi. Aandike majina matatu matatu, wa kwanza mpaka wa mwisho, na kijiji anachotoka kila mmoja. CHABATA, ambacho ni chama cha baiskeli cha taifa, kiyaweke matokeo hayo mtandaoni usiku huohuo na yasifutwe. Kisha kikusanye na ya nyuma, kwa kwenda Mwanza, Shinyanga, Arusha na kuwauliza wazee wenyewe kabla simu zao hazijaanza kupokelewa na watoto wao. Wazee hao wanakumbuka kila kitu. Mwendesha baiskeli anakumbuka hata jiwe lililomtoboa tairi mwaka gani na ni nani alimpita akiwa anaziba pancha.

Wale mastaa wa Jumamosi hawafukuzwi. Waje, na helmeti zao. Wana wafuasi mamilioni na mchezo unahitaji macho. Sharti moja tu: kwenye posti wamtagi mshindi, na kama hana akaunti waandike majina yake yote, herufi kwa herufi, jinsi yanavyosomeka kwenye daftari.

Na vibao. Barabara ya kupanda kutoka Pugu kwenda Kisarawe ina kona zake. Siyo 21, na siyo Alpe d'Huez, lakini jasho la pale ni lilelile. Kila kona ipewe jina moja la bingwa wa taifa, mwaka na mbio aliyoshinda, kwa maandishi yanayosomeka na mtu anayepanda taratibu na mzigo. Bati, rangi, nguzo na saruji. Hela hiyo ni ndogo kuliko bili ya vinywaji ya hafla moja ya tuzo Dar. Kibao cha kwanza kipewe mtu aliye hai, aje akione mwenyewe, na fundi wa mabango wa Kisarawe mjini alipwe keshi kabla hajashuka kwenye ngazi.